Gari Isiyogonga Goti

Mpendwa Mama Theodosia, mshauri wetu wa gazeti, naomba msaada na naomba upesi, maana mwisho wa mwezi huu nakusudia kumfikisha rafiki yangu Hilali kwa balozi wa nyumba kumi, mbele za watu, na mke wangu Epifania amesema nikifanya hivyo nitafute mtu mwingine wa kunipikia, kwa hiyo mimi nimekaa kama mfupa kooni, sishuki wala sitoki.

Kwanza nijitambulishe, ingawa nitashangaa kama Kasulu yupo mtu asiyenijua. Mimi ndiye Makarius wa Heru Juu, dereva. Siku hizi kila mwenye miguu miwili anajiita dereva, lakini wewe nenda Manyovu uulize "dereva" tu, bila jina, wazee watakuuliza, Makarius yu mzima bado? Shule sikwenda, siku wenzangu wanaandikishwa mimi nilikuwa nachunga. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe kwa herufi za kisomo cha watu wazima, ukiona neno limepinda usinicheke, hata barabara ya Manyovu imepinda na watu wanafika.

Enzi zangu nilikuwa na lori. La tajiri, si langu, lakini usiku likilala lilikuwa linaniota mimi. Tuliliita Intare, ndiyo simba kwa Kiha, kwa ile sauti yake. Intare likianza kupanda kutoka mabondeni kwenye ukungu wa alfajiri, watu hawalioni, wanalisikia tu, na kina mama wanajua chumvi imekuja, wanaanza kubandika mihogo kabla sijafika, nikishuka nakuta sahani. Nani leo anabandikiwa mihogo kwa mlio wa injini yake? Utingo wangu alikuwa huyo huyo Hilali, kijana mwembamba kama fito, kazi yake kuruka chini mlimani na kigingi cha mti kuzuia tairi, na alikuwa haogopi kitu isipokuwa mimi.

Siku moja tumetoka Kitanga na maharage, bodi imejaa mpaka inalia, tukafika kwenye ule mlima unaoujua, gia namba moja ikavunjika. Dereva mwingine angelala pale wiki. Mimi nikageuza lori, matako juu kichwa chini, nikaweka rivasi, maana rivasi ndiyo gia yenye nguvu kuliko zote, wengi hawajui, nikapanda mlima wote kinyumenyume, kichwa nimetoa dirishani kama kobe, Hilali ananiongoza kwa filimbi ya mdomo. Kule juu alikuwapo bibi mmoja analima, akaweka jembe chini akasema, "Yoo! Lori limeona aibu, linapanda bila kuonyesha uso!" Mpaka leo madereva wanasema haiwezekani. Waje wamwulize Hilali. Ndiyo, hata sasa nimekasirika naye, shahidi wa mambo yangu yote makubwa ni yeye peke yake, na hilo nalo linaniuma.

Sasa nikueleze habari ya goti, maana bila goti hutaelewa gari.

Mwaka wa hamsini na moja nilimwoa Epifania, misheni kule Kibondo, na tajiri akaniruhusu nimlete nyumbani kwa Intare, ila nyuma nipakie mizigo yake ya asali na nta, harusi harusi na biashara biashara. Bibi harusi nikamweka mbele, pembeni yangu. Fimbo ya gia ya Intare ilikuwa ndefu kama mpini wa jembe, imetoka sakafuni katikati, na kila nikibadili gia ya mlima inakwenda kugonga goti la Epifania, ko! Nateremka, ko! Napanda, ko! Toka Kibondo hakusema kitu, si unajua bibi harusi hasemi. Tulipofika Makere akafungua mdomo, na hilo ndilo neno lake la kwanza katika ndoa yetu, akasema, "Wewe, hiyo fimbo yako inanipiga kila penye mlima. Ndiyo ndoa yenyewe hii?"

Hilali juu ya mizigo akasikia, akacheka mpaka akashika kamba asianguke. Mimi kwa aibu nikasema, "Mke wangu, vumilia, nitakununulia gari isiyo na gia." Wala sikujua kama kuna gari ya namna hiyo duniani. Nilisema kama unavyomwambia mtoto anayelia kwamba kesho tutakula nyama. Yeye akajibu, "Haya, goti limesikia."

Limesikia kweli! Miaka imekwenda, watoto wameolewa na kuoa, Intare limekufa, walilisukuma nyuma ya ghala la tajiri kuku wakawa wanatagia chini ya usukani, hata nilipokwenda kulitazama mara ya mwisho nilisikia harufu ya dizeli na maharage mabichi nikakaa kwenye kiti chake kidogo, hakuna aliyeniona, na usimwambie mtu. Lakini kila mvua ikitaka kunyesha Epifania anashika goti lile anasema, "Gari yangu iko wapi?" Na mwaka huu mwezi wa nane, sikukuu ya Kupalizwa Mama Maria, tunatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa, padri amekubali tukabarikiwe pale pale Kibondo tulipofungia. Nikaapa mbele ya Heru Juu nzima kwamba safari hii Epifania atakwenda kwa gari isiyogonga goti.

Ndipo nikasikia Hilali anayo. Hilali siku hizi si utingo tena, ni mwenye duka Kasulu mjini, ana kanzu nyeupe na tumbo la kukaa. Daktari mmoja Mzungu aliyerudi kwao alimwachia gari ndogo ya bluu, otomatiki. Nilipoiona moyo ukaruka. Klachi hakuna. Fimbo sakafuni hakuna, kuna kijiti kidogo tu chini ya usukani chenye herufi, na mimi herufi sasa nazijua, nikazisoma pale pale, P ni Pumzika, R ni Rudi, N ni Ngoja, D ni Dereva twende. Kiti cha mbele kimoja kirefu kama kitanda, goti la mtu linakaa kwa amani.

Nikaikagua kama inavyokaguliwa ng'ombe. Wewe unajua kwetu hatununui ng'ombe kwa maneno. Unamtazama meno, unamgonga ubavu, unainua mkia, unamtembeza, na mwenyewe anatakiwa anyamaze, maana mwuzaji akianza kueleza eleza ujue kuna jicho bovu analificha. Nikafungua boneti ndiyo mdomo, nikagonga mlango ndio ubavu, nyuma nikatazama bomba la moshi, nikaizungusha mjini mchana ule, ikaenda kama maziwa kwenye kibuyu. Basi Hilali akaanza kueleza.

"Kaka Makarius, kabla hujachukua ufunguo nikwambie. Giaboksi ya hii si kama ya Intare. Ina oili yake, nyekundu, na hiyo oili..."

"Hilali," nikamwambia, "mimi niliyekufundisha kushika kigingi, leo unifundishe oili?"

"Si kukufundisha, kaka. Hiyo nyekundu ninayo makopo kule stoo, ukiona..."

"Nyamaza wewe! Mwenye ng'ombe mzuri hasemi."

Akacheka kile kicheko chake cha juu ya mizigo, akanyamaza. Nikalipa, pesa yote ya kahawa na ng'ombe wawili, nikaondoka napiga honi mpaka nyumbani.

Mwanzo ilikuwa raha, isipokuwa mguu wangu wa kushoto. Huu mguu umekanyaga klachi maisha yake yote, haujaambiwa kwamba umestaafu, nikifika mlimani unaruka wenyewe, unakuta breki, unaikanyaga kwa nguvu ya Intare, na Epifania anakwenda kusalimiana na kioo. Lakini goti, nakuapia, halikuguswa. Siku ile ya kwanza kila tukifika kona nilimwona analivuta goti pembeni kwa mazoea, halafu anakumbuka, analirudisha, anaweka mkono juu yake. Nikamwuliza, "Vipi, mama?" Akasema, "Hamna." Mbele kidogo akasema, "Kiti kipana mno hiki. Uko mbali." Nikamwambia ndio utajiri huo.

Haikupita muda nikaona chini ya gari tone jekundu. Dereva wa siku hizi angekimbilia fundi. Mimi nikavuta kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, nikakuta imepungua, nikatia kidole, nikatazama rangi, nikacheka peke yangu mpaka kuku wakatawanyika. Kumbe! Miaka yote Wazungu wanatuficha, gari zao za kifahari zinakula mawese kama sisi! Nikaingia jikoni, nikachukua mawese, tena si yale ya kuchanganywa maji, mawese ya Mwandiga yaliyochujwa vizuri, yalikuwa yamekaa juani yametulia mekundu kama oili yenyewe, mapacha wa mama mmoja, nikajaza mpaka alama. Jua lilikuwa kali, nikaizungusha mpaka sokoni na kurudi, ikaenda laini. Nakuandikia haya ili ujue kwamba upande wangu gari niliitunza, sikuinyima chakula.

Halafu ukaingia mwezi wa saba na ile baridi yetu. Asubuhi nawasha, injini inaunguruma vizuri, naweka D, gari inanitazama. Naweka R, inanitazama. Nakanyaga mafuta, kelele mpaka kwa jirani, tairi hata kugeuka hazigeuki. Jirani yangu Leonidasi, ambaye maisha yake yote hajamiliki hata tairi la baiskeli, akaegemea ua wangu, akasema, "Makarius, kumbe ulinunua redio? Maana inalia tu, haiendi." Epifania naye kutoka jikoni ananiita, ameshika kopo la mawese anayakwangua kwa kijiko, baridi imeyashika, anasema njoo unisaidie hili kopo, nikamwambia acha mambo ya kopo, mimi nina matatizo ya gari hapa.

Ikifika saa sita jua limewaka, gari inakwenda kidogo, kama mtoto aliyechoka kulia. Ikifika mlimani injini inapiga kelele, gari imesimama. Nikajaribu dawa yangu ya Intare, nikaigeuza nipande kwa rivasi. Mama Theodosia, wanawake wenye kuni kichwani walinipita. Wakanisalimia.

Ndipo nikajua Hilali ameniuzia ugonjwa. Siku ya soko akaniona, akaja mikono miwili mbele kama kawaida yetu, mimi nikaweka yangu nyuma. Nikasema kwa sauti, "Mwizi mkubwa! Umeniuzia ng'ombe aliyekufa macho wazi!" Soko zima likageuka, hata wauza dagaa wakaacha kupima. Yeye akasimama, uso umemwanguka, akaniuliza kwa upole, "Kaka, umeipa nini?" Nikamjibu, "Nimeipa heshima ambayo hukustahili wewe." Akageuka akaenda. Tangu siku hiyo yule mtu ambaye kila wiki alikuwa lazima apite kunitania, hapiti.

Nikamwambia Epifania nampeleka kwa balozi, gari irudi, ng'ombe warudi. Akaweka mwiko chini. Akasema, "Gari ni bati, Hilali ni mtu. Siku ya harusi yangu hakukuwa na mwanamke wa kunipigia vigelegele njiani, yule mwanamume mzima akakaa juu ya mizigo akanipigia vigelegele toka Kibondo mpaka sauti ikakauka. Leo umwite mwizi kwa balozi? Mimi Kibondo nitakwenda kwa miguu, na wewe usinifuate."

Sasa mimi nifanyeje? Mama, usiku nikilala nasikia ile filimbi yake ya mdomo, kushoto, kulia, njoo, njoo. Lakini nikinyamaza, Makarius dereva atakuwa amedanganywa na utingo wake mwenyewe, na Leonidasi hatanyamaza mpaka nife. Nimshitaki nisimshitaki? Nijibu kwa maneno makubwa yasiyo na kona.

Makarius, dereva, Heru Juu.

*

Makarius dereva,

Barua yako nimeisoma nikacheka mpaka machozi, halafu nikaacha kucheka, nikaenda jikoni kwangu. Nimechukua kopo langu la mawese, asubuhi hii ya baridi, nikaligeuza mdomo chini. Halikudondosha hata tone. Sasa nijibu wewe uliyepanda mlima kinyumenyume: ukilifungia kopo hilo ndani ya chuma, ukalilaza nje Heru Juu usiku wa mwezi wa saba, asubuhi utakuta nini?

Utakuta gari inayokutazama.

Ewe mugabo, mwanamume mzima! Mkeo alisimama mlangoni ameshika jibu mkononi, analikwangua kwa kijiko, na wewe ukamwambia aache mambo ya kopo. Hilali hakukuuzia ugonjwa. Ugonjwa umetoka jikoni kwako, umeuchuja mwenyewe, tena ukajisifu kwamba ni wa Mwandiga.

Usiniambie rangi. Damu ni nyekundu, na nyanya ni nyekundu, hospitali hawamwongezei mgonjwa nyanya. Na usiniambie habari ya ng'ombe. Ng'ombe wa Kibondo ukimleta Kasulu anakula majani ya Kasulu, hakuulizi kitu. Gari ina chakula kimoja, na anayekijua ni yule aliyekuwa anailisha. Mwenye ng'ombe anyamaze, sawa, hiyo ni desturi na mimi naiheshimu. Mwenye gari mwache aseme mpaka akauke mate. Hilali alianza kukwambia mara mbili, mara mbili ukamfunga mdomo kwa sababu zamani alikushikia kigingi. Halafu pale sokoni, umemtukana mbele za watu, bado akakuuliza swali la fundi, "umeipa nini?" Huyo alikuwa anakutibu, wewe unamtusi.

Mimi si fundi, mimi ni mjane wa dereva, lakini kwa ajili yako nimekwenda kwa fundi Venanti hapa mjini nikamsomea kile kipande cha mawese. Alikaa chini kwanza. Alipomaliza kucheka akanieleza hivi, na wewe sikiliza bila kukatiza: katika otomatiki hakuna klachi ya kukanyaga kwa sababu ile oili nyekundu ndiyo inayofanya kazi ya klachi. Injini inaizungusha oili, oili inasukuma magurudumu. Oili ikiwa pungufu, au imeungua, au imekuwa nzito, injini italia peke yake na gari itasimama. Ndicho kilichokupata, asubuhi na mlimani.

Kwa hiyo usiiendeshe tena, wala usiisukume ili iwake, wala usiiteremshe mlima katika hiyo N yako ya Ngoja kwa kubana petroli, najua nyie wazee wa malori mnavyopenda. Ngojea mchana, jua likiwa kali, uiwashe ipate moto kidogo, uizime, kisha Venanti aifungue chini amwage mawese yote. Atie oili yenyewe, aizungushe kidogo, aimwage hiyo nayo, atie nyingine. Halafu atafute lile tone la kwanza lilitokea wapi, maana hilo halikuwa kosa lako, hilo ni mpira umezeeka. Anasema inaweza kupona, haapi. Mawese yakiwa yamelainisha mipira ya ndani, itabidi kuishusha giaboksi, na hiyo ni kazi nyingine. Yatakayotoka msipikie! Nakujua wewe, utasema bado mazuri.

Na ninyi wasomaji mnaomcheka Makarius, mnaotaka na ninyi kununua otomatiki iliyotumika, tulieni. Msiikague mchana mjini kwenye tambarare kama yeye. Nendeni asubuhi kabla haijawashwa, muone ikiwa baridi inaondoka vipi. Halafu ipelekeni mlimani mpaka ipate moto, kisha irudi nyuma, maana nyingine zinakwenda mbele vizuri na nyuma zimekufa. Vuteni kile kijiti cha kupimia oili injini ikiwa inanguruma, mnuse. Ikiwa nyekundu na haina harufu mbaya, ni nzima. Ikiwa ya kahawia na inanuka kama maharage yaliyoungulia, aganeni na mwenyewe kwa heshima mwende nyumbani. Na wewe Makarius, mguu wako wa kushoto ukunje, uuweke karibu na kiti utulie kama mgeni aliyekuja kutazama tu.

Sasa turudi kwa Hilali, maana gari ni bati, mkeo amesema.

Kwa balozi huendi. Utamwambia nini balozi, kwamba umeipikia gari? Na oili anayoitaka Venanti, hapa Kasulu nzima hakuna mwenye nayo isipokuwa mtu mmoja, anayo makopo kule stoo, alikwambia. Mungu naye ana utani wake.

Siku ya soko inayokuja utakwenda pale pale uliposimama, karibu na wauza dagaa, saa ile watu wamejaa. Pombe usibebe, Hilali hanywi. Beba asali ya Kibondo, anaikumbuka hiyo, aliikalia siku ya harusi yako. Usianze hadithi ya Intare wala ya mlima wa Kitanga, nakuomba, siku hiyo moja tu kaa bila Kitanga. Toa mikono yote miwili uliyoificha nyuma, useme kwa sauti ile ile uliyomwitia mwizi: "Hilali, siku ile nilikukatiza. Maliza lile neno la oili." Halafu unyamaze mpaka amalize. Akikucheka, mwache acheke, ni haki yake, na kicheko hicho umekikosa wiki hizi zote. Jina lake sikulificha katika gazeti hili kwa sababu ulilichafua hadharani, basi na lioshwe hadharani. Leonidasi atasema? Atasema. Mwambie gazeti limesema asiye na hata tairi la baiskeli asipige kelele.

Ikipona gari, nendeni Kibondo polepole, na Hilali mwekeni kiti cha nyuma. Vigelegele vya kurudia anavyo. Isipopona, pandeni lori lolote la maharage, mkae mbele, mbarikiwe na ko! ko! yenu, na goti litavumilia kama lilivyovumilia.

La mwisho ni la Epifania, na hili ndilo lililoniondoa usingizi, si mawese. Mwanamke amekaa miaka ishirini na mitano anangojea gari isiyogonga goti, siku ameipata, anakwambia, "Uko mbali," na wewe unamjibu ndio utajiri huo! Mume wangu alipokufa, kitu nilichokikosa kwanza kilikuwa kile kiwiko chake, kilichokuwa kinanigonga kila penye kona, na nilikuwa nakilalamikia kila siku.

Mguu wako wa kushoto nimekwambia utulie. Mkono wako wa kushoto, Makarius, huo sasa hauna fimbo ya kushika, na unajua njia. Kila mkifika mlima toka Heru Juu mpaka Kibondo, upeleke pale pale kwenye lile goti. Polepole. Usigonge.

Theodosia.